Moshi Uliopelekwa Kinama

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa kituo cha hali ya hewa hakunifundisha habari za mvua. Alinitoa nje kulipopambazuka, akanionyesha moshi wa jikoni uliolala juu ya mapaa kama shuka. Akaniambia nikielewa kwa nini haupandi, nitakuwa nimeielewa Bujumbura.

Mji wetu umekaa ndani ya bakuli. Magharibi kuna ziwa, mashariki milima. Usiku hewa ya milimani hupoa, ikawa nzito, ikateremka kwa njia za mito na kutuama huku chini. Juu yake hubaki hewa ya moto kama kifuniko cha sufuria. Ofisini hali hiyo tuliiita inversion. Moto ukiwashwa saa hizo, moshi hukwama chini na kutambaa. Asubuhi upepo wa ziwa huamka kabla kifuniko hakijapasuka, ukausukuma moshi uleule, mzito, kuelekea mitaa ya kaskazini. Mchana jua likishakivunja kifuniko, moshi hupanda, hufuata migongo ya milima, na ukifika juu umeshapungua makali.

Nilihamishiwa kituo cha milimani, nikakaa huko mpaka vita viliponishusha. Watu wenye bunduki walibeba vipima upepo na hata milango. Nikapewa meza mjini, chini ya Mkurugenzi, mtu aliyesoma Ulaya na aliyeijua kazi hii kuliko sisi sote. Nilimheshimu. Meza ya pili ilikuwa ya Salvator, mpimaji mwenzangu, aliyekaa Kinama, mmoja wa mitaa ya kaskazini, na mkewe Jeanine. Jeanine alikuwa na pumu. Salvator alipenda kunitania kwamba mimi, mtoto wa mtaa wa Buyenzi, nilikuwa nimezoea moshi wa nyama choma tangu tumboni.

Wakati huo ghala moja la Zone Industrielle, eneo la viwanda, lilikuwa limejaa dawa ya wadudu ya pamba. Kombora lilikuwa limetoboa paa, mvua ikaingia, dawa ikaharibika na kuanza kunuka mpaka barabarani. Wakubwa wakaamua kuichoma. Mkurugenzi aliniita mbele yao nieleze upepo.

Nilisema isichomwe. Nikasema kama hakuna budi, basi iwe mchana, jua likiwa kali. Mkurugenzi akauliza moshi wa mchana ungeelekea wapi. Nikajibu kwamba ungepanda upande wa Mutanga Nord na vilimani, ukiwa umepungua. Na wa alfajiri? Nikajibu kwamba ungekaa chini, kisha upepo wa ziwa ungeupeleka Kinama.

Afisa mmoja akakumbusha kwamba watu wa vilimani wana simu, na wizarani wanajulikana kwa majina.

"Basi alfajiri," akasema Mkurugenzi.

Nikamwambia, "Shefu, Kinama kuna watu."

"Kinama kuna vita, Mama Zubeda. Nani atauliza habari ya moshi?"

Salvator alikuwa na mapumziko siku hiyo. Nilitoka ofisini moja kwa moja kwenda kumwambia amhamishe Jeanine. Kwenye kizuizi, askari walinirudisha. Barabara ilikuwa imefungwa tangu asubuhi kwa sababu ya mapigano. Nilimsihi mkubwa wao, nikamweleza habari ya dawa na upepo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia nirudi nyumbani kabla risasi hazijaanza tena.

Kulipokucha nilipanda juu ya paa la ofisi. Moshi wa kijivu ulikuwa umelala bapa mpaka ziwani. Kisha upepo ukaamka, kama nilivyosema, nao moshi ukageuka na kuingia Kinama.

Jeanine alikufa adhuhuri. Salvator alikuwa amembeba mgongoni mpaka kwenye kizuizi, na barabara ilikuwa bado imefungwa.

Aliporudi kazini baada ya msiba nilimweleza yote, mpaka maneno ya Mkurugenzi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa balikuuliza upepo," akasema kwa Kiswahili chetu cha mtaani, "na we ukabaambia muzuri."

"Nilibaambia basichome, Salvator."

"Apana, nimesikia. Na upepo pia we ukabaambia."

Aliomba uhamisho, akaenda zake Gitega. Hatukuonana tena.

Mkurugenzi alipandishwa cheo. Siku yangu ya kustaafu alikuja mwenyewe, akawaambia wageni kwamba sikuwahi kukosea upepo. Watu wakapiga makofi. Nikaondoka kabla ya picha.

Siku hizi wanafunzi huja kwangu Buyenzi kuniuliza jinsi moshi unavyotembea katika nchi ya milima na mabonde. Ninawaeleza, maana hawana kosa. Wengine hunishauri kwamba wataalamu wakiulizwa upepo wawataje pia watu wanaokaa unakoelekea. Wananiambia hivyo kwa upole, kama watu waliogundua dawa. Mimi niliwataja, na wakubwa walichagua huko kwa sababu niliwataja.