Nilivyopingwa Kuoa kwa Kosa la Kuiba Mwangwi wa Kanisa

Asiyeamini aende Igoma akaulize. Wazee wa kanisa letu waliokuwepo mwaka 1999 wengine bado wapo, na habari hii wanaisimulia vizuri kuliko mimi.

Ilikuwa Jumapili ya tangazo la pili la ndoa yangu.

Kwetu ndoa ilitangazwa Jumapili tatu mfululizo. Mchungaji anasoma majina, anauliza kama kuna mwenye pingamizi, watu wanakohoa kidogo, sadaka inaendelea.

Mchungaji Josephat akasoma: "Jonathan Kulwa anakusudia kufunga ndoa na Evelina Maige. Mwenye pingamizi aseme."

Mzee Chenge akasimama.

Huyu alikuwa mwalimu wetu wa kwaya. Mpole, hajawahi kugombana na mtu. Nikadhani anatoka nje kujisaidia.

"Mchungaji, mimi ninalo," akasema. "Huyu kijana ni mwizi. Ameiba mwangwi wa kanisa."

Mama mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Huo mwangwi ulikuwa wa shaba au wa fedha?"

Evelina akageuka kutoka benchi la mbele akanitazama. Yale macho hayakuwa ya mchumba, nawaambia ukweli.

Sasa ngoja nieleze, maana hata nyie mnaniwazia vibaya.

Mimi nilikuwa fundi redio. Soko huria lilikuwa limeshafungua milango na mitumba ya kila aina ikamwagika mjini: viatu, friji, mpaka kompyuta. Nikajipinda nikanunua kompyuta moja pale Mkuyuni. Mwenye nayo wa kwanza, huko Ulaya, alisahau ndani yake programu ya kurekodi muziki.

Nikakaa nayo miezi minne na kamusi mkononi. Chumba changu kikageuka studio.

Ndani ya ile programu kulikuwa na kiprogramu kidogo cha kuchomeka, vijana wa sasa wanaita plagini. Kazi yake ilikuwa mwangwi. Unaenda mahali penye mwangwi mzuri, unapasua puto, unarekodi ule mlio unavyozunguka mpaka unaisha. Ukirudi nyumbani unaipa kompyuta.

Baada ya hapo sauti yoyote utakayoingiza, hata ya mtu aliyeimbia chumbani, inatoka kama imeimbwa palepale ulipopasua puto.

Nami puto langu nilikwenda kulipasua kanisani kwetu, mwezi wa tatu, kwa ruhusa ya mchungaji. Jengo lilikuwa refu, kuta tupu, juu bati bila dari. Ukisema "Amina" inakwenda mpaka madhabahuni, inasalimia, ndipo inarudi.

Kosa langu ni moja. Kwaya ya Mkuyuni walikuja kurekodi kwangu. Waliimba chumbani, wengine wamesimama juu ya kitanda, madirisha nimeziba kwa magodoro. Halafu nikawawekea mwangwi wa kanisa letu.

Kaseti yao ilipotoka ilitikisa mji. Kwaya yetu ikaonekana inaimbia kwenye debe.

Turudi kwenye pingamizi.

Mzee Chenge aliinama, akatoa redio kaseti chini ya benchi. Alikuja amejiandaa! Akabonyeza, Mkuyuni wakaanza kuimba. Kila walipopandisha sauti, mwishoni kabisa unasikia kitu: chrrr.

"Mnasikia?" akauliza. "Hilo ni bati letu, lile lililolegea juu ya mimbari. Nimelisikia miaka kumi na sita. Limefikaje Mkuyuni?"

Watu wote wakatazama juu. Kweli, lilikuwa lile lile. Lilikuwa limelia siku ile ya puto na mimi sikulitilia maanani.

"Sasa sikilizeni hapa kwetu," akasema, akapiga kofi moja.

Pa. Basi. Hakuna kilichorudi.

Hapo hata mimi nikashtuka. Ni kweli kwa kama miezi miwili sauti kanisani zilikuwa zimekauka, lakini nilidhani ni masikio yangu.

Baada ya ibada nikaitwa mbele ya baraza la wazee. Nikajitetea mpaka jasho likanitoka.

"Wazee wangu, ile ni nakala tu. Mtu akikupiga picha, sura si inabaki usoni kwako?"

Mzee mmoja akajibu taratibu, "Mimi nilipigwa picha mwaka sabini na nne. Hebu niangalie sura yangu sasa."

Wakatikisa vichwa kwa huruma. Kesi ikawa imekwisha.

Hukumu: nirudishe mwangwi. Nisipourudisha, hakuna tangazo la tatu, na bila tangazo la tatu hakuna ndoa.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mzee Maige, baba yake Evelina. Kikao kizima hakufungua mdomo. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nje nikamkuta Evelina. "Jonathan, kama uliuchukua, rudisha tu."

"Eva, mwangwi hauibiki!"

"Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba shangazi zangu wanatoka Misungwi kwa ajili ya harusi, na siwezi kuwaambia nimeahirishiwa kwa sababu ya kelele." Akaanza kulia. Nilimpenda sana yule dada, na niliona kabisa anavyoniponyoka.

Jumanne mchana nikaenda kanisani peke yangu na puto mfukoni. Nikalipasua. Pa, kama umelipasulia ndani ya koti.

Nikatembea huku napiga makofi kila hatua. Kadiri nilivyokaribia mlango mkubwa, ndivyo sauti ilivyozidi kufa. Huko nyuma kulikuwa na roshani, na tangu mwezi wa sita ilikuwa imefungwa kwa pazia refu. Tuliambiwa inakarabatiwa.

Kwenye ngazi nikaona kitu cheupe. Nikaokota. Pamba.

Nikapanda, nikafunua pazia.

Jamani! Marobota ya pamba kutoka sakafuni mpaka kwenye bati, ukuta mpaka ukuta. Mwangwi gani utapita hapo? Unafika, unalala.

"Umeona," sauti ikasema nyuma yangu.

Nikageuka. Mzee Maige, na ufunguo wa kanisa mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akakaa kwenye ngazi kama mtu aliyetua mzigo. "Ushirika ulikuwa unachukua pamba kwa bei moja, tunalala. Sasa kila mnunuzi ana bei yake na mzani wake. Wakaniambia, subiri, itapanda. Nikasubiri. Ghala langu linavuja, mwanangu. Hapa bati ni zima."

"Baba, lakini mimi naitwa mwizi."

"Najua."

"Na wewe ndiye mwenyekiti."

"Najua hilo pia." Akauzungusha ufunguo kiganjani. "Wakijua nimegeuza nyumba ya Mungu ghala, sitatazamika tena. Nitamtoaje binti kanisani humu humu?"

Hapo nikaelewa nimebanwa kotekote. Nikisema, najisafisha na kumwaibisha baba mkwe. Nisiposema, Evelina anakwenda zake. Nilikasirika, lakini nikimtazama yule mzee pale kwenye ngazi, hasira ilikosa pa kukaa.

"Baba," nikasema, "mimi nitaliambia baraza kwamba mwangwi unarudi Jumapili. Wewe hakikisha hapa hakuna hata uzi wa pamba."

Alinishika mkono.

Alhamisi tukairudisha pamba ghalani kwake, tukaifunika turubai. Mchana kweupe, kwa sababu Mzee Maige alisema ukihamisha usiku ndipo watu wanapouliza. Waliopita waliambiwa ni vifaa vya ukarabati. Mmoja akashangaa ni ukarabati gani wa marobota, nikamjibu ni wa kisasa, akaondoka ameridhika.

Jumapili kanisa lilifurika. Kuna watu walitoka makanisa mengine kabisa kuja kuona mwangwi unavyorudishwa.

Nilipanga spika mbili juu ya roshani, redio kaseti katikati, waya nyingi zisizo na kazi yoyote ili ionekane ni jambo zito. Mchungaji Josephat akaniuliza mbele ya watu wote:

"Jonathan, unakiri?"

Nikamtazama Mzee Maige. Nikamtazama Evelina.

"Nakiri, mchungaji. Niliuchukua."

"Na unaurudisha wote?"

"Wote, mchungaji. Sijabakiza."

Nikabonyeza. Mlio wa puto ukatoka kwenye spika, ukagonga madhabahu, ukarudi, ukazunguka juu ya vichwa vya watu, na bati likaitikia: chrrr.

Mzee Chenge akasimama akaimba noti moja tu, ndefu. Ikaenda, ikarudi imeshiba. Machozi yakamtoka. Akina mama wakapiga vigelegele, navyo vikajibiwa na kuta zote nne.

Tangazo la tatu likasomwa pale pale. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Baada ya ibada, Mzee Chenge akanivuta pembeni, karibu na tangi la maji.

"Mzigo ulikuwa mzito?" akaniuliza.

"Mzigo gani, mwalimu?"

"Wa pamba."

Nikageuka haraka kuangalia kama kuna anayetusikia.

"Mimi niliiona wiki ya kwanza," akasema. "Mwalimu wa kwaya akikosa mwangwi, unadhani hautafuti?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani? Kwa baraza? Mwenyekiti wa baraza ndiye mwenye pamba. Nami ni nani, sina ng'ombe, sina shamba, nina kwaya tu." Akafuta macho. "Nikasema, nitafute mtu mwenye haraka kuliko mimi, ambaye mwenyekiti hawezi kumfukuza. Nikaona mkwewe anaoa mwezi wa tisa. Ile kaseti ya Mkuyuni ikanipa sababu."

"Mwalimu! Ungenivunjia ndoa! Kama nisingepanda ile roshani?"

Akanipiga bega. "Basi Evelina angetafutiwa mwanaume mwenye akili zaidi."

Akaondoka zake, huku anaimba taratibu.

Nimeoa, nina watoto wanne, na mpaka leo pale Igoma mimi ni mwizi wa mwangwi aliyetubu. Nimezoea.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiona umesingiziwa jambo lisilowezekana kabisa, usimalize nguvu kubishana nalo. Tazama ni nani kwenye hicho kikao ambaye hakuna anayethubutu kumtaja. Ukishamwona, kaa ujiulize unampenda binti yake kiasi gani.