Majani ya Mgomba na Swali Nililouliza Redioni

Kwa miaka kadhaa nimekuwa na dakika kumi kila Alhamisi asubuhi, baada ya taarifa ya habari, katika stesheni ndogo ya redio mjini Meru. Naandika kwa Kiswahili, maana ndivyo nilivyofunzwa kazi, kisha nasoma kwa Kimeru. Wasikilizaji wananijua kama mtu asiyezungukazunguka. Nimesema, na bado nasema, kwamba mpaka wa nchi hulindwa na askari wenye vifaa, si na semina za hotelini. Nimesema magazeti ya Nairobi yana haya ya ajabu: watu watatengwa kwa dini yao na kuuawa, kisha gazeti litaandika kwamba "watu wasiojulikana" wamewavamia "wakazi", kana kwamba ni mvua ya mawe iliyopita. Nimesema ni vizuri watu wa makabila na dini mbalimbali kuishi mji mmoja, lakini hilo halimnyimi mwenyeji haki ya kuuliza maswali. Hayo siyafuti. Ninayoandika hapa yanahusu swali moja tu nililouliza, na mtu aliyelilipia.

Nyumbani kwangu ni Mitunguu, kule chini kunakolimwa kwa maji ya mifereji. Tuna migomba. Ndizi ni zetu sote wawili, mimi na mke wangu, lakini majani ni biashara yake peke yake. Kule mjini Maua miraa, yale machipukizi ya kutafunwa, hufungwa kwa majani ya mgomba ili isinyauke njiani, na kiangazi kikikaza migomba ya huko huungua huku yetu ikibaki kijani. Mke wangu huyakata, huyakunja, huyafunga mizigo, na pikapu huyapitia asubuhi.

Mnunuzi wake mkubwa alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Maua. Baba yake alifika pale na lori la mizigo kabla ya uhuru, na yeye alizaliwa pale pale, akasoma pale, akaoa pale. Alisafirisha miraa kwenda miji ya kaskazini. Watu wote walimwita Haji, nasi pia. Kimeru chake kilikuwa kizito kuliko changu. Alipopiga simu, mke wangu aliiweka mezani ikiwa na sauti ya juu ili aendelee na kazi zake, kwa hiyo mazungumzo yao niliyasikia miaka yote.

"Mama Migomba, majani ya jana yana matundu kama neti ya mbu."

"Hayo ni madirisha, Haji. Miraa yako haitaki hewa?"

"Inataka hewa, haitaki kutalii. Imechungulia nje njia nzima."

"Basi nitakuwekea na mapazia."

Jumanne moja alipiga simu kwa haraka. "Mama, kuanzia kesho niletee nusu." Mke wangu akajibu, "Sawa, Haji," wakaagana. Mimi nilikuwa mezani nikinywa uji. Nina daftari ninaloandika kila kitu: mvua ilinyesha lini, nani amefariki, mbolea imefika au haijafika. Niliandika: Haji, majani nusu.

Alhamisi alfajiri ya wiki hiyo watu wenye bunduki waliingia katika nyumba za walimu wa shule moja kaskazini. Waliwatoa nje, wakawauliza dini zao, wakawatenga. Mmoja wa waliouawa alikuwa binti wa jirani yetu, mwalimu wa hesabu, aliyekuwa na muhula mmoja tu huko. Mama yake anaishi shamba la tatu kutoka kwetu. Nilikuwa pale walipomwambia. Aliuliza kama ni kweli binti yake alikuwa bado amevaa nguo za kulala.

Jumapili Haji alikuja matangani. Aliteremka na dereva wake wakiwa na maziwa ya kuwatosha waombolezaji wote, akaenda kumshika mkono mama wa marehemu, wakazungumza kwa muda. Kisha akaketi kwenye benchi la nyuma. Alipopewa chai aliipokea kwa heshima na kuiweka chini ya benchi, maana mfungo wa Ramadhani ulikuwa umeanza siku ile ile ya mauaji. Hayo yote niliyaandika. Maziwa, benchi, kikombe.

Jumatano jioni niliketi kuandaa dakika zangu kumi. Nilipokuwa nikipitia daftari, jicho langu lilitua kwenye yale maneno matatu, Haji, majani nusu, na mistari michache chini yake habari za shule. Kati yake siku mbili tu. Nilihisi kile anachokihisi mwandishi wa habari kitu kinapojileta chenyewe mkononi.

Niseme ukweli kwamba nilikumbuka Ramadhani. Sikuisahau. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba wakati wa mfungo watafunaji hukesha na miraa kuanzia futari hadi daku, nikajiambia kwamba kama ni hivyo, mzigo ulipaswa kuongezeka. Basi mbona umepungua? Mkulima wa ndizi wa Mitunguu anajua hayo tu kuhusu miraa, na huyaona yanatosha. Namba ya Haji ilikuwa kwenye simu yangu. Mke wangu alikuwa jikoni akimenya viazi, nikimsikia. Vijana wanaojifunza kazi stesheni nimewaambia mara ngapi kwamba humtangazi mtu kabla hujampigia simu? Nilijipa udhuru kwamba simtangazi mtu, kwa sababu sitaji jina.

Asubuhi yake nilisema kuhusu mpaka, nikasema kuhusu magazeti, halafu nikasema hivi: "Kuna mfanyabiashara mkubwa wa miraa pale Maua. Siku mbili kabla binti yetu hajauawa, alipunguza kwa nusu majani anayonunua Mitunguu. Simtuhumu. Nauliza tu: alikuwa anajua nini?" Yale ya maziwa na benchi sikuyasoma. Muda ulikuwa umekwisha, ndivyo nilivyojiambia, ingawa nilikuwa nimebakiza karibu dakika nzima.

Simu za stesheni zilijaa. Meneja alichungulia kwenye kioo akaniinulia kidole gumba. Nilifurahi, na furaha ile naikumbuka kuliko ninavyopenda.

Mfanyabiashara mkubwa anayenunua majani kutoka Mitunguu pale Maua alikuwa mmoja tu. Kufikia saa sita mchana vijana walikuwa wameisimamisha pikapu yake barabarani, wakafungua mabunda, wakayatandaza kwenye lami. Dereva hawakumgusa. Miraa iliyofunguliwa juani hudumu saa chache tu kabla haijawa kuni, na wale vijana, watoto wa wakulima wa miraa, walilijua hilo vizuri zaidi ya mtu yeyote. Siku ya pili wakulima wawili waliomuuzia kwa miaka mingi walimwambia mavuno yao yameshaahidiwa kwingine. Siku ya tatu hakupata hata mkulima mmoja wa kumuuzia.

Mke wangu alipewa habari na mmoja wa wanawake waliofunga miraa katika banda la Haji. Walikuwa kama kumi na watano, Wameru watupu, wengi wao wa kwaya moja ya kanisa. Alinikuta nikisafisha mfereji.

"Umesema nini redioni?"

"Nimeuliza swali."

"Umemuuliza nani?"

Niliendelea kuchota tope.

"Haji hupunguza majani kila mfungo," alisema. "Kila mwaka! Wiki ya kwanza wazee wao huacha kutafuna kabisa, wanajitakasa. Wiki ya pili ndiyo wanaanza kurudi mmoja mmoja, kufika Idi yeye mwenyewe ndiye ananisumbua na simu. Wewe unafikiri nyasi za ng'ombe mwaka jana nilifunika na nini? Na majani ya Haji yaliyobaki."

"Hukuniambia."

"Nilikuwa jikoni. Umeniuliza?" Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Wewe umeshinda ukilaumu watu wa Nairobi kwamba wanaficha nusu ya habari."

Siku hiyo hiyo nilimwendea meneja kumwomba nafasi ya kusahihisha. Alikuwa mpole kabisa. "Mzee, hukutaja jina. Ukisahihisha ndipo utakuwa umemtaja. Acha vumbi litulie." Nilipaswa kusisitiza. Niliacha vumbi litulie, nikazungumza wiki iliyofuata kuhusu mishahara ya polisi wa akiba, na iliyofuata kuhusu barabara. Simu ya Haji niliipiga mara moja, haikupokelewa, nikashukuru kimoyomoyo.

Alhamisi ya tatu nilisoma masahihisho bila kumwomba mtu ruhusa. Nilieleza kuhusu mfungo na wazee wanaojitakasa. Nilisema Haji alikuja matangani na maziwa, na kwamba nililijua hilo nikalinyamazia. Nilisema nimekosa. Nilisubiri simu. Zilikuja chache, na jumbe kadhaa za maandishi, na zote zilisema jambo moja kwa njia mbalimbali. "Pole, mzee wetu. Tumeelewa." "Wamekufikia hata wewe?" "Usijali, sisi tulisikia ile ya kwanza."

Ilinichukua muda kuelewa walichokuwa wanasema. Kwa miaka mingi nilikuwa nimewafundisha, kila Alhamisi, kwamba mwandishi akianza kulainisha maneno kuna mkono umemshika shingoni. Walikuwa wanafunzi wazuri.

Nikapanda Maua. Haji nilimkuta bandani, mlimokuwa na harufu ya majani makavu na wanawake wawili tu badala ya kumi na watano. Mmoja wao aliponiona alisema kwa sauti ya kusikika, "Redio imekuja na miguu yake." Mwenzake akacheka, kisha akajifunika mdomo kwa leso.

Nilimwambia Haji niliyokuja kuyasema. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Nimekusikia redioni pia," alisema. "Ahsante. Lakini sikiliza, mtangazaji, samahani yako siwezi kufungia miraa. Mwenye banda amenipa hadi mwisho wa mwezi. Ni mtu wa kanisa lenu, na anakuamini wewe. Twende umwambie usoni. Hilo tu."

Banda lilikuwa kila kitu. Mtu asiye na banda Maua hana mahali pa kupokea mavuno, na wanawake wa kufunga hawana mahali pa kuketi. Tulitembea pamoja hadi kwa mwenye banda, mzee wa kanisa, mstaafu, mtu ambaye kama tungekutana kwingine tungekubaliana karibu kwa kila jambo. Alitukaribisha sebuleni. Redio ilikuwa kabatini, imewekwa kwenye stesheni yetu.

Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio: daftari, nilivyodhania kuhusu futari na daku, simu ambayo sikupiga. Alinitazama kwa huruma iliyonitia baridi.

"Ndugu yangu," alisema, "mimi nakusikiliza tangu ulipoanza. Wewe ndiye peke yako unayesema. Najua shinikizo ni nini, nilikuwa serikalini. Hukulazimika kuja mpaka hapa."

"Hakuna aliyenishinikiza, mzee. Nilikosea."

"Ndiyo, ndiyo." Alitikisa kichwa kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kumaliza sala.

Haji akazungumza kwa Kimeru. "Mzee, nimepanga banda lako miaka kumi na tisa. Mimi huyu, umewahi kuniona na jambo?"

"Wewe mwenyewe sijakuona na jambo," mzee alisema, na naamini alikuwa mkweli. "Na wewe si kwamba nakuchukia. Lakini vijana wakija kuchoma, watachoma mali yangu. Na huyu," akaninyooshea mkono, "alipokuwa huru alisema alichosema."

Niliinua sauti. Nilimwambia kwamba nilikuwa huru mara zote mbili, na kwamba mara ya kwanza nilitumia uhuru huo vibaya. Alimwita mkewe alete chai. Haji alisimama, akamshukuru mwenye nyumba, akavaa viatu vyake mlangoni.

Tulirudi kwa miguu hadi karibu na banda. "Nina binamu Isiolo," Haji alisema. "Ana ghala. Wasiwasi wangu ni kwamba huko wataniita mtu wa Meru." Alicheka kidogo, na mimi sikuweza.

Nilimwambia nitalirudia redioni, wiki hii na ijayo, hadi wasikie. Alisema nifanye nitakavyo, ila nisimtaje tena hewani, kwa wema wala kwa ubaya. Watoto wa binti yake wanasoma pale na wanataka kwenda shule bila kuwa habari. Hivyo sijalirudia. Bado nina dakika zangu kumi. Bado nasema mpaka ulindwe, na bado nayakemea magazeti. Sasa nampigia simu kila ninayemzungumzia, hata diwani, na kila ninapofanya hivyo najua nimechelewa kwa mtu mmoja.

Siku ile tulipofika bandani, wale wanawake wawili, bila kungoja jibu la mwenye banda, walikuwa wameanza kutoa vitu nje. Kulikuwa na meza ndefu ya kufungia, ya mbao nzito, iliyosuguliwa na mikono hadi ikang'aa. Haji aliishika upande mmoja akangoja. Dereva alikuwa ameenda kutafuta kamba, na hakukuwa na mwanaume mwingine.

"Shika huko," aliniambia. "Si kwa kuburuta. Miguu yake inalegea."

Niliishika, tukaiinua.