Pango Lililokuwa Karibu Zaidi

Miaka ile kampuni za utalii za watu binafsi zilikuwa zikifunguliwa Arusha kila kukicha, nami nikaajiriwa katika mojawapo, ofisi ndogo pale Sakina. Kazi yangu ilikuwa kompyuta. Mume wangu alikuwa mwongoza wageni wa kampuni hiyohiyo, na kwa ajili yake niliandika programu fupi. Unaiingizia vipimo vya mahali ulipo, vilivyosomwa kwenye kifaa cha setilaiti. Inapitia vibanda na mapango yote tuliyoyarekodi Mlima Meru, inapima umbali wa kila kimoja kwa mstari ulionyooka, kisha inakutajia kilicho karibu zaidi.

Mchana mmoja aliita kwa redio. Ukungu umewafunika kwenye ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, njia haionekani, na mgeni mmoja ameanza kuropoka kwa baridi. Akanisomea namba. Niliziingiza.

Jibu lilitoka papo hapo: pango lililoko ndani ya kreta. Nilikuwa nimeshashika redio nimwambie nilipoona mwinuko wa pango lile: chini mno kuliko walipokuwa. Mstari ule ulipita hewani. Kati yao na pango palikuwa na genge tupu.

"Usishuke upande wa kreta," nilimwambia. "Kaa hapohapo unisubiri."

Nikaondoa sehemu zote za ndani ya kreta, nikaiendesha tena programu. Sasa ikataja mwamba uliojiinamia kama paa, nyuma yao kidogo, kwenye ukingo uleule. Nikampa mwelekeo. Alisema amesikia, kisha redio ikanyamaza.

Bosi wetu, mama wa Kichaga wa rika la mama yangu, aliniambia nikae. Sikuweza. Kifaa kile kilikuwa kinaweza kukosea kwa urefu wa kiwanja cha mpira, na ukingo ule mahali pengine ni mwembamba kuliko barabara. Niliita, nikaita tena. Mama alikuwa akisali chinichini.

Jioni redio ikakoroma. "Tuko chini ya mwamba," alisema. "Mgeni amekunywa chai."

Mama akaichukua redio, akajibu badala yangu.

Kesho yake, akivua buti nyumbani, mume wangu aliniambia kwamba nilipomkataza walikuwa wameshaanza kushuka upande wa kreta. Pango lile alilijua, akadhani kuna njia ya kulifikia kutoka ukingoni. Nilitoka uani. Meru ulionekana wazi bila wingu, nikashindwa kuutazama.