Msumari Ambao Vidole Vyangu Havikuuhisi

Mpira wa tairi ukipata joto la kuni bila kuungua hutoa harufu nzito inayokaa puani siku nzima. Wengine huikimbia. Mimi ikinipitia, hata nikiwa sokoni Makambako na kapu mkononi, nasimama. Mara niko jikoni kwetu tena, mwezi wa sita, ukungu umelala mpaka mlangoni, na tairi la pikipiki limeegemezwa karibu na mafiga kama mgeni anayesubiri chai.

Msinicheke. Njombe tunaota moto, na tairi letu nalo liliota. Kwa baridi ile mpira hukakamaa kama ubao. Ukiulazimisha hivyo hivyo utapinda vyuma vya kung'olea na kuchuna ngozi ya vidole. Baba, aliyekuwa katekista wa kigango chetu, alinifundisha hilo nikiwa na miaka tisa. Nilipofika kumi na miwili nilikuwa nafungua na kufunga tairi peke yangu, na nasema bila aibu kwamba kijijini hapakuwa na mtoto wa kunifikia, wa kike wala wa kiume. Mama alilalamika kwamba nanuka gereji hata kanisani. Baba alimjibu, "Mwache. Pikipiki haiulizi imefunguliwa na nani."

Ila alikuwa na masharti. Kabla ya kuweka tyubu, pitisha vidole ndani ya tairi, duara zima, polepole, maana kilichotoboa mara nyingi hubaki humo humo. Na kabla ya kupitisha vidole, viote moto kwanza. Yeye alikaa motoni akigeuza viganja mpaka nachoka kumsubiri. Nilidhani anapenda moto tu, kama wazee wote wa kwetu.

Basi asubuhi moja Baba akawa anasafiri kwenda Makambako. Sisi watoto tuliambiwa anakwenda kutazama mabati. Nyinyi nawaambia sasa hivi nilichokuja kuambiwa nikiwa mtu mzima: palikuwa na madaktari wa macho waliokuja kwa siku chache, siku ile ilikuwa ya mwisho, na saa saba mchana walikuwa wanafunga. Baba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Miezi kadhaa alikuwa ameacha kuendesha akisingizia kiuno, na safari hiyo angeendeshwa na Mjomba Festo, mdogo wake Mama. Kutoka kwetu hadi barabara ya lami hapakuwa na gari la asubuhi.

Tukaikuta pikipiki imelalia ringi, tairi la nyuma halina upepo hata kidogo.

"Upendo," Baba akaniita, "una muda wa chai moja tu."

Sifa zikanipanda kichwani. Nikasimamisha pikipiki kwenye stendi, nikalegeza nati, nikachomoa ekseli, nikashusha cheni na kutoa gurudumu. Tairi nililipasha moto, hilo sikusahau. Nililikanyaga kwa kisigino likaachia ringi, nikaingiza vyuma viwili na kulibenua upande mmoja, nikavuta tyubu. Ilikuwa na viraka vingi kuliko kaptula ya mchunga mbuzi, nikasema moyoni, hii imejizeekea tu. Nikachukua tyubu mpya.

Vidole nilipitisha, Mungu shahidi. Lakini havikuota moto. Nilikuwa nimetoka kunawa kwa maji ya bombani, na maji ya bombani kwetu mwezi wa sita mnayajua. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi; ningeweza kushika kaa la moto nisijue. Nikazungusha duara zima, sikuhisi kitu, nikafunga, nikajaza upepo. Mjomba akanisifu mbele ya watu. Nikawapungia mkono mpaka wakapotelea kwenye miti ya miwati.

Walirudi jioni wakiikokota, matope mpaka magotini. Tairi lilikuwa limeisha upepo kabla hawajafika nusu ya njia ya kwenda lami. Walisukuma mpaka barabarani, wakaomba lifti kwenye lori la mbao, na walipofika Makambako mahema ya madaktari yalikuwa yameshafungwa. Mimi nilijua tu kwamba mabati hayakutazamwa. Nikalia kwa kuaibika.

Baba hakugomba. Alisema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Leta tairi. Lakini njoo uote mikono kwanza." Tuliota mpaka vidole vikawasha. Akashika mkono wangu, akauingiza ndani ya tairi, akauzungusha taratibu, macho yake yakitazama ukutani. Nikaruka. Msumari mdogo wa kasha la parachichi, umekatika kichwa, ulikuwa umechomoza kiasi cha ncha ya sindano.

Madaktari walirudi mwaka uliofuata, wakamtibu. Mwaka mzima katikati hapo, kila Jumamosi, Baba alinikalisha nimsomee masomo ya Jumapili kwa sauti, mara tatu, mara nne. Alisema Kiswahili changu kimejaa Kibena na shuleni watanicheka. Jumapili alisimama mbele ya waumini na kitabu kimefunguliwa, akatamka yote kwa kichwa, na mimi nikaona fahari kwamba baba yangu anasoma bila kukwama.

Mama ndiye aliyeniambia habari ya madaktari, tukimenya viazi, mimi tayari nina watoto wawili. Nilitupa kisu nikamfuata Baba shambani. Alikuwa anapalilia mahindi, macho yake mazima, hata magugu madogo hayamponyoki. Nikamuuliza kwa nini alinificha miaka yote ile, ilhali mwaka mzima alipapasa kuta kwa sababu yangu.

Alijiegemeza kwenye jembe.

"Macho nilijua yatatibiwa mwaka mwingine," akasema. "Wewe ningekuambia, usingegusa tena tairi, wala kitu kingine kigumu. Ungetibiwa na nani?"