Kopa Lisilolia Lirudi Juani

Siku ya kwanza kazini niliripoti ofisi ya wilaya ya Kisarawe nikiwa nimevaa viatu vya kisigino na kubeba madaftari yangu yote ya chuo. Sijui nilidhani nani angeniuliza kilichomo. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa Afisa Maendeleo ya Jamii, cheo ambacho watu wa vijijini walikifupisha wakaniita Bibi Maendeleo, ingawa nilikuwa binti ambaye hata kuolewa bado. Kazi yangu ilikuwa kukaa na wanawake wanaotaka kuanzisha biashara ndogo, kuwasaidia kuunda vikundi, na kuhakikisha walichokianzisha hakifi kabla ya masika.

Mkuu wangu wa kwanza, Afisa Maendeleo wa Wilaya, alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake mezani huku akiongea. Nilimwamkia, akaitikia, akavitazama viatu vyangu kwa muda. Kisha akaniambia niyaache madaftari pale ofisini niende gulioni, yaani kwenye lile soko la mara moja kwa wiki.

"Usinunue kitu wala usimfundishe mtu," alisema. "Kaa tu. Jioni uje uniambie watu walikuja kutafuta nini wakakikosa."

Nilikasirika, sifichi. Nimesoma miaka yote ile, halafu natumwa nikakae sokoni! Lakini nilikwenda, nikaketi juu ya kreti la soda, na kufikia saa nne nilikuwa nimeanza kuona mambo. Akina mama waliokuwa wamepanga nyanya walikuwa safu nzima, nyanya zilezile, mafungu yaleyale, kila mmoja akimwonea wivu aliye pembeni yake. Na wote hao, pamoja na wateja waliotoka mbali alfajiri, walikuwa wanaulizana mahali pa kupata chai. Chai haikuwapo.

Jioni nilimweleza mzee. Akacheka kimyakimya, akasema sasa nimeanza kazi. Wiki iliyofuata nilimfuata mjane mmoja aliyekuwa mwishoni mwa ile safu ya nyanya, nikamwuliza kama ana sufuria kubwa. Alikuwa nayo, ya kuazimisha watu kwenye misiba. Akaanza kuuza chai na mihogo ya kuchemsha kabla jua halijachomoza, na mpaka nahama Kisarawe alikuwa amejenga nyumba ya bati na kuwaajiri wanawake wawili. Kila niliyemfundisha baada yake nilimwanzishia na swali la mzee: watu wanatafuta nini wanakikosa? Binti, kama unasoma haya na unataka kufungua genge kwa sababu jirani yako anauza vizuri, kwanza kaa kwenye kreti.

Nilipandishwa cheo, nikaolewa, nikapata uhamisho kwenda upande wa Kibaha, kata ya Janga. Huko ndiko nilikofanya kosa ambalo ningetaka mlijue kuliko mafanikio yangu yote.

Janga watu wanalima muhogo. Niliunda kikundi cha akina mama wa kutengeneza makopa, yaani mihogo iliyomenywa, ikapasuliwa na kuanikwa mpaka ikauke, ambayo baadaye husagwa unga wa bada, ule ugali wa muhogo. Kila mama alikuwa akikausha kwake, halafu Jumamosi wanakusanya makapu mahali pamoja, wanachanganya na kujaza magunia. Mnunuzi tulikuwa naye, mama mwenye duka la nafaka Maili Moja, mkali kweli, lakini mwaminifu. Nilijiona nimefaulu. Kikundi kilihitaji mtu wa kupokea mzigo na kuukagua, nami nikamsimamisha Zuhura. Alikuwa mdogo kuliko wote, lakini alimaliza kidato cha nne, mwandiko wake ulisomeka, na hakuwa na tamaa. Wenzake walipiga makofi.

Mzigo wa pili ulirudishwa wote. Yule mama wa duka aliukuta unanuka ukungu, na akatuma ujumbe mfupi kwamba ukija mwingine wa namna ile asituone tena. Nilijua maana yake. Huyo ndiye alikuwa mnunuzi pekee, na nyuma ya magunia yale kulikuwa na wanawake waliokwisha kuwaambia waume zao kwamba muhogo wa mwaka ule hauuzwi shambani kwa madalali. Kikundi kikivunjika, wangechekwa na kijiji kizima, na wengine wasingeruhusiwa kujaribu tena.

Niliitisha kikao chini ya banda la shule. Niliuliza makopa mabichi yametoka kwa nani. Kila mtu alikuwa anajua, na kila mtu alitazama kanga yake. Nami nikapandwa na hasira nikamgeukia Zuhura mbele ya wote, nikamwambia kwamba tulimpa kazi moja tu, ya kukataa kisichofaa, na imemshinda. Naona haya mpaka leo nikikumbuka alivyokunja ile karatasi yake ya mapokezi, polepole, mpaka ikawa ndogo kabisa.

Watu walipotawanyika alinifuata kwenye pikipiki yangu.

"Mama, yale makopa ni ya mama mkwe," alisema. "Wewe ukimaliza kikao unapanda pikipiki unarudi kwako. Mimi narudi kwake. Nikimrudishia kapu lake mbele za watu, kesho nitampelekea chakula kwa uso gani?"

Mama mkwe wake alikuwa Bi. Mwamvua, mzee anayeheshimika Janga nzima, ambaye hata mimi nikifika kwake nilikuwa navua viatu mbali na mlango. Zuhura aliishi katika ua wake. Kwa mila za kule, mkamwana haonyeshi kosa la mkwe wake hata kwa mbali, sembuse kumrudishia kapu hadharani. Nami, msomi, nilikuwa nimechagua mkaguzi kwa kuangalia mwandiko.

Nilikwenda kujieleza kwa mkuu wangu wa wakati ule. Huyu alikuwa Mkuu wa Idara ya Maendeleo ya Jamii wa wilaya, mama mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye watu walinyamaza wenyewe ili wamsikie. Nilitegemea anifokee. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga jalada lake.

"Umempa kazi ya kukataa," alisema, "lakini hukumpa njia ya kukataa. Rudi ukaitafute. Na usimtafute huyo binti, mtafute mwenye kapu."

Nikaenda kwa Bi. Mwamvua asubuhi, nimebeba sukari. Nilimkuta uani akigeuza makopa kwenye kichanja, yaani jukwaa la miti la kuanikia. Nilimwamkia, nikaombwa kukaa, tukaulizana hali za nyumbani mpaka zikaisha. Wala sikutaja mzigo uliorudi. Nilimwomba anifundishe tu, maana mimi natoka milimani, kwetu tumekulia ndizi, na niliona aibu kusimamia kitu nisichokijua.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Mzee yule hakuwa mvivu wala mjanja. Aliniambia makopa ya kula nyumbani hushushwa kabla hayajakauka sana, kwa sababu yanatwangika kwa urahisi na bada lake linakuwa laini, na hayakai, wiki moja yamekwisha. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Hakuna aliyemwambia kwamba haya ya kikundi yatakaa ndani ya gunia, yatasafiri, yatarundikwa dukani. Katika semina zangu zote nilikuwa nimeongelea soko, na fursa, na katiba ya kikundi. Kukausha sikukugusa, nikidhani kila mtu wa Janga anakujua.

Nikamwuliza, je, ya kuweka mpaka masika mnayajuaje? Alichukua kopa moja kutoka upande wa juani, akalivunja karibu na sikio langu. Lilitoa mlio mkavu, ka. Akachukua jingine la kivulini, akalivunja. Halikusema kitu.

"Lililokauka linalia," alisema. "Lisilolia lirudi juani. Hata mtoto analijua hilo."

Nilimwomba Jumamosi aje atusikilizie. Akanitazama sana. Nadhani alikwisha kuelewa kila kitu, kwa sababu aliuliza swali moja tu, kama na ya kapu lake yatavunjwa. Nikamwambia yote yatavunjwa. Akarudi kugeuza makopa yake bila kusema ndiyo wala hapana, nami nikapanda pikipiki kurudi Kibaha.

Jumamosi tulifanya mambo kwa namna mpya. Makapu yalipangwa mstari mmoja nyuma ya ghala la kikundi, hakuna jina, na hakuna mama aliyeruhusiwa kusimama karibu na la kwake. Bi. Mwamvua alifika amejitanda kanga mpya. Akaanza mwanzo wa mstari, anachagua kopa la katikati ya kapu, si la juu, anainama, anavunja. Ka. Anasogea. Ka. Zuhura alikuwa nyuma yake na karatasi, macho ameyainamisha chini.

Alipofika kapu la saba alivunja, na hapakuwa na mlio. Akavunja la pili kutoka kapu hilohilo. Kimya. Kila mtu alilijua kapu lile, lilikuwa na ukingo wa ukindu mwekundu na mwenyewe ndiye aliyelisuka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bi. Mwamvua alilinyanyua kapu, akaliweka pembeni.

"Hili ni langu," alisema kwa sauti ya kawaida. "Litarudi juani." Halafu akamgeukia Zuhura, akampa kile kipande kilichovunjika. "Mwanangu, umeona inavyofanywa? Jumamosi ijayo utavunja wewe, na kwangu uanzie."

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijawahi kuvisikia hata harusini. Mimi nililia, na sikujali nani ananiona. Jumamosi iliyofuata Zuhura alianzia kwa mkwe wake, kapu likalia, na baada ya hapo hakukuwa na mwanamke Janga ambaye angethubutu kununa akirudishiwa la kwake. Ungenuna vipi, wakati Bi. Mwamvua hakununa? Kama lile kapu alilileta bichi makusudi, sikuwahi kumwuliza.

Mama wa duka aliupokea mzigo ule, akavunja makopa mwenyewe, akaagiza mwingine. Baadaye walipata wanunuzi wengine, wakanunua mashine ya kusaga, wakaanza kufunga unga kwenye mifuko yenye jina la kikundi. Siku hizi treni ya umeme inapita Soga, hukuhuku Kibaha, na kuna abiria wanaoshuka pale wakiuulizia unga huo kwa jina. Wale waliosubiri kuwacheka sasa wanapeleka makopa yao kikundini, na wanavunjiwa kama watu wengine.

Nilihamishwa mara nyingine kadhaa na nimefundisha vikundi vya batiki, vya kuku na vya maandazi. Kila mahali nilikuta kitu kilekile kwa sura tofauti: mwanamke anajua kazi yake vizuri, lakini hajapewa njia ya kumwambia shangazi kwamba leo hakuna maandazi ya bure, au shemeji kwamba kiti cha saluni ni cha mteja. Usimwambie tu awe jasiri. Ujasiri unaishia mlangoni kwa mkwe. Mkae pamoja mtafute namna ambayo kukataa hakumdhalilishi mtu, na mkubwa wenu awe wa kwanza kukataliwa. Na mwulize mwenye kapu kabla hujamkasirikia. Mimi nilichelewa kulijua hilo, na Zuhura ndiye aliyelipia.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe ukumbini, nikapewa saa ya ukutani na cheti, na hotuba zilizonisifu kwa mambo mengine ambayo hata sikuyafanya. Nikatulia nyumbani kwangu Kongowe. Baada ya miezi nikachoka kutulia, nikalima kiwanja changu cha Soga, nikapanda muhogo. Nikamenya, nikaanika, na mwaka huu nikabeba kapu langu la kwanza kupeleka Janga, nikiwa na umri huu, mwanachama mpya.

Zuhura sasa ni mwenyekiti, mwili umemjaa, ana wajukuu wawili. Bi. Mwamvua alishatangulia mbele ya haki, na kapu lake la ukingo mwekundu limetundikwa ghalani. Zuhura aliniamkia kwa adabu zote, akaniuliza safari, akanipa kiti. Halafu akaliendea kapu langu katika mstari, akachagua kopa la katikati, si la juu, akainama, akavunja.

Kimya.

Wanawake wote wakanitazama, wengi wao niliwafundisha mimi. Zuhura hakuangalia chini. "Mama yangu," alisema, "hili bado. Lirudi juani."

Nikalibeba kapu langu mpaka Soga huku nacheka peke yangu, hata watu njiani wakadhani nimechanganyikiwa. Ile saa ya ukutani ilishasimama zamani na cheti sikumbuki nilikiweka wapi, lakini katika kazi yangu yote sijafurahia kitu kama nilivyolifurahia kapu lile lililorudishwa. Niliyaanika makopa siku nne. Siku ya tano asubuhi nilichukua kopa moja, nikaliweka karibu na sikio, nikavunja. Likalia.