Mbwa Niliyemwacha Makambako

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo ukungu ukishuka hapa Njombe hunijia. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa. Baba alikuwa amelala ndani kwa mwezi wa tatu sasa, mguu umevunjwa na gogo kwenye kazi ya kupasua mbao, na viazi vyetu vilikuwa vimeozea shambani. Tulikula mara moja kwa siku. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, basi usinihukumu haraka.

Tulikuwa na mbwa, Bosi. Mdogo wangu Neema, wa miaka tisa, alimlea tangu hajafumbua macho. Nilimwona Neema akimega ugali wake, nao mdogo tayari, akimpa Bosi kwa siri. Nikaona dawa ni moja. Sikumshauri mtu. Neema akiwa shuleni, nikapanda na mbwa gari la viazi mpaka Makambako. Nikamshusha karibu na reli, nikamtupia mfupa, na alipoinama nikakimbilia gari la kurudi.

Neema aliporudi nikamwambia, "Bosi ametoroka. Amekimbilia msituni."

Ndiyo, mimi, mwimba kwaya wa kila Jumapili.

Alitupa mfuko wa madaftari akatoka. Nilidhani njaa itamrudisha. Saa kumi ukungu ukashuka na manyunyu yake, Neema hayupo. Mama akaanza kuita. Majirani wakaingia kwenye msitu wa miti ya miwati. Baba alijiburuta hadi mlangoni, akaita mpaka sauti ikamkauka. Nami nilijua mtoto anamtafuta mbwa asiyekuwepo huko, ila ulimi ulikuwa mzito kama jiwe.

Shangazi Tabitha, dada yake baba, akanishika mkono kwa nguvu.

"Sisi sote tunaita Neema, tunaita na Bosi. Wewe huiti Bosi. Kwa nini?"

Nikasema yote palepale. Hakunipiga. Alisema, "Wanaume wamesikia mbwa akibweka bondeni, wanamfuata wakidhani mtoto yuko naye. Kimbia ukawarudishe! Waambie ulichofanya."

Nilikimbia nikipiga kelele za aibu yangu mwenyewe. Waligeuka, wakaufuata mto wa bondeni upande wa juu, ambako hakuna aliyekuwa ametafuta. Huko walimkuta Neema amejikunyata chini ya ukingo, kiatu kimoja hakipo, hawezi hata kulitamka jina lake kwa baridi.

Tulipomkalisha jikoni kwenye moto, shangazi akaniambia taratibu, na heri angenichapa: "Kumtoa mbwa si kosa. Nyumba ikikosa unga, hata mtoto hupelekwa kwa ndugu. Lakini huagwa, na anayempokea hujulikana. Wewe hukutoa. Wewe umeiba."

Neema alipopata nafuu tulikwenda Makambako, mimi na yeye. Tuliuliza kibanda kwa kibanda. Kwa mama mmoja muuza chakula tukamkuta Bosi, mguu umefungwa kitambaa cha kanga.

"Kamwene, mama," nikasalimu.

"Kamwene. Nani hutupa mbwa mzuri namna hii?"

"Ni mimi."

Alimpapasa Bosi kichwani. Kisha akasema kwake makombo hayakosekani, na kibanda kinahitaji mlinzi. Neema akamweleza kwamba Bosi huogopa radi, na hali chakula cha moto. Akamkumbatia mbwa wake, akamwachia kamba yule mama.

Hakulia. Lakini kwa miaka mingi, kila nilipompa habari, hata habari njema, Neema aliniuliza kwanza, "Ni kweli hiyo?" Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, lakini kurudi kwake ni mbali mno.

Nimesikia kazi yako imesimama, na kwamba unawaza kuwaondoa wale paka wa wanao, wao wakiwa shule. Usifanye hivyo. Kaa na watoto, uwaambie kwamba chakula hakitoshi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tafuta kwanza nyumba ya kuwapokea paka, ujue na jina la mwenyewe. Kisha nenda na watoto, wawakabidhi wenyewe kwa mikono yao. Watalia, na uwaache walie. Machozi ya kuaga hukauka.

Mungu aijaze unga nyumba yako. Na siku unga ukikosekana, asikunyime ulimi wa kweli, wala wanao wasikose kukuamini.