Tarakimu Sita za Gongo la Mboto

Wakati ule nilikuwa nahudumia wateja kwenye kampuni ndogo ya kuuza na kutengeneza friji, Mikocheni. Wateja walituandikia kwenye barua pepe moja tu ya kampuni, na sie watu watatu tulikuwa tunaifungua yeyote anapopata nafasi. Mteja mmoja anajibiwa mara tatu, mwingine hajibiwi kabisa. Siku mteja alipopelekewa mafundi wawili saa ileile, wakaanza kugombana sebuleni kwake, bosi akanunua programu ya kupanga maombi ya wateja. Kila barua ikiingia inapewa namba, inapangiwa mtu wake, na mteja anajibiwa papo hapo kwamba ujumbe umefika. Kazi ya kuiunganisha na ile barua pepe nikapewa mie, kwa sababu ndiye niliyesema, "Mbona rahisi tu."

Na kweli ilikuwa rahisi, hadi hatua ya pili. Nilibonyeza "Unganisha", nikaandika neno la siri, ukurasa ukaniambia kuna tarakimu sita zimetumwa kwenye simu ya mwenye akaunti. Nikaangalia simu yangu, kimya. Bosi akaangalia yake, kimya. Akakuna kisogo.

"Akaunti hiyo aliifunguaga mama," akasema.

Mama ni katibu muhtasi wetu wa zamani, mtu wa Lindi, aliyenifundisha kazi miaka miwili kabla hajastaafu na kuhamia kwake Gongo la Mboto. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Hujambo? Watoto hawajambo? Ofisini kwema? Yule mlinzi goti lake limepona?"

Mtu kama huyo humkatizi. Nilijibu yote, nikamuuliza na ya kwake, akanieleza habari za mgongo na za mjukuu, na tulipomaliza salamu muda wa zile tarakimu ulikuwa umeshapita. Nikaomba zingine kimyakimya, nikasema, "Mama, kuna ujumbe umeingia kwenye simu yako sasa hivi. Una tarakimu sita. Naomba unisomee."

Simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupokelewa. Baada ya dakika tano ukaja ujumbe mfupi: "Mwizi mkubwa wewe. Na sauti ya mwanangu umeipatia kweli. Mungu anakuona."

Bosi alipousoma alicheka mpaka akakaa chini. "Kesho nenda kwake," akasema.

Kesho yake asubuhi niliingia uani kwa mama na kompyuta begani. Alikuwa kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Akainua uso.

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mie mama."

"Na jana?"

"Jana pia."

Akaweka kifuu chini, akajishika mdomo. "Mungu wangu. Nimekutangaza mtaa mzima! Nimewaambia kuna tapeli ana sauti ya mwanangu."

Jirani alikuwa ameshachungulia juu ya ukuta. "Ndiye huyo?"

"Ndiye," mama akajibu, "lakini siye."

Tukakaa barazani kwenye mkeka. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe, kioo kimechubuka. Tarakimu zilipoingia akaisogeza mbali na macho.

"Mbili... nne... hii nane au tatu? Ngoja nikachukue miwani."

Miwani ilipopatikana, muda ulikuwa umekwisha. Mara ya pili alisoma bila kusita hata kidogo, isipokuwa alichosoma ni namba ya aliyetuma ujumbe. Mara ya tatu ikakubali, nikapiga makofi, jirani naye akapiga upande wa pili wa ukuta.

"Sasa inasemaje?" mama akauliza. "Soma yote, usiruke."

Nikamsomea. Programu ilikuwa inaomba ruhusa ya kusoma barua, kutuma barua na kufuta barua.

"Kufuta?" Akavua miwani. "Barua zile nimezitunza miaka kumi na moja. Hata za wale waliotutukana ninazo. Inafuta kwa idhini ya nani?"

Ilinichukua robo saa kumwelewesha kwamba haitafuta mpaka sie tuiambie. Akaridhika, kisha akataka kujua mteja atajibiwa nini. Nikamwonyesha: "Ombi lako limepokelewa," na chini yake namba.

"Hata salamu? Mtu friji imekufa, samaki wanaoza, we unampa namba? Andika." Nikaandika. "Ndugu mteja, habari za siku nyingi? Barua yako imetufika salama na tumeisoma. Pole kwa usumbufu. Tunakuja."

Ningefanyaje? Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wake na wali wa nazi unanukia.

Kosa lililofuata ni langu mwenyewe. Kulikuwa na kisanduku kinachouliza kama barua za zamani nazo ziingizwe. Nikaweka alama ya ndiyo, nikanawa mikono. Sie tukila, programu ilichukua barua zote za miaka kumi na moja, ikazipa namba, ikamjibu kila aliyewahi kutuandikia.

Niliporudi Mikocheni nilimkuta bosi kasimama mlangoni. Watu ambao friji zao zilishakuwa vyuma chakavu walikuwa wanajibu. "Salama, za kwenu? Nashukuru kunikumbuka." Mwingine aliuliza tunakuja lini, maana kweli ameharibikiwa tena. Na mmoja aliandika: "Ndiyo mmesoma leo? Nililalamika mke wangu akiwa mjamzito. Mtoto sasa yuko darasa la tatu."

Nilizifunga moja moja hadi Alhamisi. Kwa kila barua programu ilinilazimisha nichague: tatizo limetatuliwa, au bado. Yule wa darasa la tatu nilimpigia simu kumwomba radhi. Akaniambia friji ile walishampa shemeji yake, Mbagala, na inagandisha vizuri tu. Nikabonyeza limetatuliwa.